Lawama ipi unaipata sana? Daftari, WhatsApp, kalenda, ubao na lahajedwali kwa mwenye wateja wengi

Ijumaa moja jioni nilikuwa nimeshavaa suti, nafunga kamba za viatu, simu ikaita. "MC, uko wapi? Wageni wameanza kuingia." Nikajibu kwa utulivu kwamba niko njiani, baada ya nusu saa nitakuwa Sinza. Upande wa pili kimya. Kisha sauti ikarudi: "Sinza? Sisi tuko Mbagala."

Send-off mbili, yaani sherehe za kumuaga bibi harusi, siku moja, pande mbili za Dar es Salaam. Ya Sinza ilikuwa kwenye daftari langu, imepigiwa mstari mwekundu. Ya Mbagala ilikuwa kwenye WhatsApp, nimeijibu kwa mkono wangu "sawa mama, tarehe hiyo nipo" na nikaiwekea nyota kabisa. Yaani daftari lilikumbuka na simu ilikumbuka. Aliyepotea ni mimi, kwa kuwa na mahali pawili pa kuandikia ahadi. Usiku ule nilimbembeleza mwenzangu aende Mbagala badala yangu, nikarudisha advansi yote, na mpaka leo kuna familia ambayo nikiiona kwa mbali navuka barabara.

Mimi ni mtu wa kuungaunga. Asubuhi natafsiri na kuhariri, jioni nafundisha wageni Kiswahili kwa video, mwisho wa wiki nashika kipaza sauti kwenye sherehe za watu. Mwezi wa kawaida nina wateja wanane hadi kumi na wawili, hawajuani, na kila mmoja anaamini yuko peke yake. Nimepita kwenye karibu kila njia ya kujipanga. Nitazilinganisha mbili mbili, kwa sababu ndivyo mtu anavyochagua kweli: tayari anacho kitu mkononi, anajiuliza kama ahamie kingine.

Lakini kabla ya kuuliza programu ipi ni nzuri, jiulize unalaumiwa kwa lipi. Mimi nimezihesabu lawama za wateja, zinarudi kwenye nne. "Si ulisema leo?" Hapo ahadi ndiyo imesahaulika. "Mbona hukutokea?" Hapo saa zimegongana. "Ile kazi imefikia wapi?" Hapo hata wewe hujui iko hatua gani. Na ile mbaya kuliko zote, "Mbona mimi nilishalipa?" Dawa ya moja haiponyi nyingine. Nimemwona mtu ana programu ya kisasa yenye rangi zote za upinde wa mvua, bado anagombana na wateja kuhusu pesa, kwa sababu ile programu haikuwa na mahali pa kuandika pesa.

Daftari na WhatsApp: ahadi ikae wapi

Jirani yangu ni fundi cherehani. Ana kaunta buku moja nene, jalada limeshashonwa kwa uzi wa kushonea jinzi. Kila mteja ana ukurasa wake: juu jina na namba ya simu, chini vipimo kwa inchi, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa gauni, mkono. Pembeni mchoro wa mshono kwa kalamu ya wino. Kulia, "kianzio 15,000, baki 20,000". Na kwenye kona ya juu, kipande kidogo cha kitambaa chenyewe kimebanwa kwa pini.

Hicho kipande ndicho kilichonifanya nikae chini nimtazame akifanya kazi. Gauni likichukuliwa, anachora mstari mmoja mshazari ukurasa mzima na kuchomoa pini. Kwa hiyo akitaka kujua ana kazi ngapi hafungui kurasa, anapapasa kingo za daftari kwa kidole gumba. Kila penye kitambaa pana deni. Nimetumia programu nyingi, na sijaona inayonionyesha mzigo wangu wote kwa sekunde tatu namna ile.

Daftari lina sifa ambazo watu wa simu tunazidharau. Halihitaji bando wala chaji. Ukiandika mbele ya mteja, mteja anakuona ukiandika, na hapo hapo mnasahihishana: "hapana, nimesema Alhamisi". Bei yake ni ya sahani ya chipsi mayai au pungufu. Wahenga hawakukosea waliposema mali bila daftari hupotea bila habari, ingawa nadhani hawakuifikiria mvua ya masika. Langu la mwaka juzi lilikuwa ndani ya mkoba, mkoba ukalowa kwenye foleni ya daladala, na wino wa kalamu ya maji ukageuka mawingu ya bluu. Nilipoteza miezi miwili ya kazi. Siku hizi natumia kalamu ya kawaida ya wino mzito, na kila Ijumaa napiga picha kurasa za wiki. Dakika mbili tu.

WhatsApp nayo ina faida moja ambayo daftari halina: kazi nyingi zinaingilia huko huko. Mteja anatuma picha ya hati, ujumbe wa sauti, eneo la ukumbi, kila kitu kiko mlangoni. Kama hujahamia WhatsApp Business, hamia. Ni ya bure, ipo tangu 2018, na ukiwa na laini mbili inakaa simu moja pamoja na ile ya kawaida, kwa hiyo shangazi na mteja hawachanganyiki. Inakupa lebo za rangi hadi 20. Inakuja na chache tayari, za mteja mpya, oda mpya, anayesubiriwa kulipa, aliyelipa na oda iliyokamilika, nawe unaongeza zako. Pia kuna majibu ya haraka: mimi nikiandika neno moja fupi linaleta aya nzima ya bei zangu za ushereheshaji, na imeniokoa na uandishi wa jambo lile lile mara arobaini kwa mwezi.

Sasa udhaifu wake. Lebo yenyewe haina tarehe. Inakwambia huyu ni "oda mpya", haikwambii oda ni ya kesho kutwa. Ahadi inazama chini ya mazungumzo mapya. Mteja akishatuma "asante" na picha tatu za keki, ile tarehe iko mbali huko juu. Ujumbe wa sauti ndio kaburi kabisa. Kamati ya harusi inakutumia dakika nne, ndani yake kuna jina la bibi harusi, saa ya kuingia maharusi, na onyo kwamba mjomba fulani asipewe kipaza sauti. Ukitafuta neno "mjomba" wiki mbili baadaye, hupati kitu. Nyota nazo, nimeshasema zilivyonifanya.

Kwa hiyo hapa uamuzi wangu hauna mzunguko. Kama wateja wako wanakuja wenyewe mpaka kibandani, daftari linashinda, na usimruhusu kijana yeyote wa mjini akuambie umepitwa na wakati. Kama wanakuja kwa ujumbe, tumia lebo, lakini ichukulie WhatsApp kama mapokezi, mahali pa kumkaribisha mgeni. Mgeni halali mapokezi. Kila jioni kabla ya kulala nahamisha kila ahadi ya siku kwenye kitabu kimoja, na kisichofika huko nakihesabu kwamba sijakiahidi.

Kalenda ya simu na kalenda ya ukutani

Hapa ndipo penye nyama, kwa sababu hapa ndipo sisi tunaotumia saa za Kiswahili tunapoumia kwa namna ambayo waliotengeneza hizi programu hawakuifikiria.

Mteja anasema "saa nane mchana". Unafungua simu haraka haraka, kidole kinaandika 8:00. Simu haina kosa, itakuita saa mbili asubuhi, na saa nane mchana itakaa kimya kama maji ya mtungi. Nimelifanya hili kosa zaidi ya mara moja na ninawajua wengine. Dawa niliyoipata ni kuiweka simu kwenye mtindo wa saa 24. Saa nane mchana ni 14:00, saa mbili usiku ni 20:00; macho yakiona 8:00 peke yake yanashtuka. Na kwenye jina la tukio naandika kwa maneno, "saa nane mchana, ukumbi", ili namba na neno vishtakiane vyenyewe.

Kosa hili lina pacha wake. Mwanafunzi wangu mmoja, wiki ya tatu ya masomo, alijitutumua kuniandikia kwa Kiswahili safi: "Tukutane kesho saa 2." Nikafurahi, nikakaa mbele ya kompyuta saa mbili usiku, nimechana nywele. Yeye alikuwa amemaanisha saa 2 ya kwao, baada ya chakula cha mchana, na alishasubiri akachoka. Somo lililofuata tulifundishana saa tu.

Halafu kuna kuhama kwa saa za wenzetu. Afrika Mashariki hatusogezi saa mwaka mzima. Uingereza wanasogeza mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kanada, kwa upande wa Toronto, ni Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Maana yake somo la London la saa kumi na mbili jioni kwao, ambalo majira ya baridi nalifundisha saa tatu usiku, linageuka kuwa la saa mbili usiku bila mtu kuniambia. Na kila Machi kuna wiki mbili au tatu ambazo Toronto ameshasogea, London bado, na mimi nimesimama katikati kama kondakta aliyesahau chenji ya nani ni ipi. Kalenda ya karatasi haiwezi kukusaidia hapa hata kidogo. Kalenda ya Google inaweza, kwa sharti moja: unapoandika tukio, chagua ukanda wa saa wa mteja, siyo wa kwako. Andika 18:00 ya London, na acha yenyewe ihesabu. Ukiandika 21:00 ya Dar es Salaam, Aprili utachelewa kwa saa nzima.

Kama una mteja hata mmoja wa nje, basi ulinganisho umekwisha, chukua ya simu.

Ila usiitupe ya ukutani. Ile kalenda ya bure ya mwisho wa mwaka, yenye picha ya meneja wa tawi akitabasamu, ina kazi ambayo simu haifanyi: inaonwa na watu wa nyumbani. Mke wangu hafungui simu yangu, na sitaki aanze. Lakini anapita mbele ya ukuta wa jikoni mara ishirini kwa siku. Nikiandika "harusi, Kibaha" kwa penseli kwenye Jumamosi, yeye ataniambia pale pale kwamba Jumamosi hiyo ni arobaini ya babu yake. Hakuna programu iliyowahi kunionya kuhusu arobaini.

Pia kalenda zote mbili zina uongo mmoja wa pamoja, nao ni Idi. Simu inaiandika Idi siku fulani mwaka mzima kabla, kana kwamba mwezi umeshaandama. Jirani yangu fundi hashiki tarehe hiyo. Kwake "kabla ya Idi" maana yake ni mwezi 27 Ramadhani, nguo zote ziwe zimepigwa pasi, na kuanzia katikati ya mfungo hapokei kitambaa kipya hata cha ndugu. Kwa mshereheshaji mambo ni kinyume: Ramadhani na Kwaresima sherehe hupungua, kisha baada ya hapo zinamwagika kwa pamoja. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka kwa kalenda ya Januari na Desemba, kunakili mpango wa mwaka jana ni kujitafutia balaa.

Jambo la mwisho kuhusu kalenda, na kwangu ndilo lililobadilisha mambo kuliko yote. Watu huandika siku ya kukabidhi tu. Mtafsiri wa kawaida anatoa kama maneno 2,000 kwa siku akiwa na akili yake timamu. Mteja akileta hati ya maneno 9,000 ya Ijumaa, hiyo ni siku nne na nusu za kazi. Ukiandika kwenye Ijumaa tu, Jumatatu mpaka Alhamisi zinaonekana tupu, na mteja mwingine akipiga simu Jumanne unasema "nipo, lete". Hapo umejidanganya kwa maandishi yako mwenyewe. Siku hizi naziba siku za kuifanya kazi kwanza, kwa rangi ya kijivu, ndipo naandika siku ya kukabidhi. Kwenye simu ni rahisi, unavuta mstari mrefu wa siku tano. Kwenye karatasi vile vyumba ni vidogo, utachora mpaka visomeke kama mwandiko wa daktari.

Na nikiziba, naziba nusu siku nzima kwa mteja mmoja. Mtafiti Sophie Leroy aliandika mwaka 2009 kwamba mtu akiruka kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya mawazo yake hubaki kwenye ile aliyoiacha. Sikuhitaji utafiti kulijua hilo. Niliwahi kuandika "maharusi" kwenye tafsiri ya mkataba wa kiwanja.

Ubao wa ukutani na Trello

Wazo la ubao ni la kiwandani. Huko Toyota, Japani, Taiichi Ohno alijenga utaratibu wa kadi unaoitwa kanban: sehemu moja ya kiwanda haitengenezi kitu mpaka kadi kutoka sehemu inayofuata iseme kinahitajika. Yeye mwenyewe alieleza kwamba alichota wazo kwa supamaketi za Marekani, ambako rafu hujazwa kwa kadiri ya kilichonunuliwa. Kwetu sisi wa mezani limebaki ubao wenye safu tatu au nne, Imeingia, Naifanya, Inasubiri mteja, Imekwisha, na kila kazi ni kadi inayosogea kulia.

Siri yake haiko kwenye kadi, iko kwenye kikomo. Safu ya Naifanya iwe na kadi tatu, isizidi. Fundi wangu, ambaye hajawahi kulisikia hilo neno la Kijapani, anafunga daftari katikati ya Ramadhani kwa sababu ile ile.

Trello ni ubao huo ndani ya simu. Ilianza 2011, na 2017 ikanunuliwa na Atlassian. Toleo la bure linamtosha mtu mmoja na wasaidizi wachache. Kadi inabeba faili, orodha ya vipengele, tarehe, maoni. Niliitumia miezi mitatu. Nikajikuta jioni nakaa kuchagua rangi za lebo na picha ya nyuma ya ubao, ufuo wa bahari, mara mlima, na tafsiri imelala. Kwa mtu wa peke yake Trello inageuka mteja wa kumi na tatu, tena asiyelipa.

Ukuta wangu ulinifaa zaidi, ingawa nao una visa vyake. Vikaratasi vya kunata na feni ya Dar es Salaam ni maadui wa kudumu. Nilirudi jioni moja nikakuta wateja wangu wote wako chini ya kitanda. Nilihamia kwenye vipande vya karatasi nzito na tepu ya fundi rangi, ile ya kubanduka bila kuchuna ukuta, na mambo yakatulia.

Lakini siku utakapopata msaidizi, ukuta umekufa. Mpwa wangu yuko Mwanza, ananisaidia kuhakiki tafsiri. Hawezi kuuona ukuta wangu wa Tabata. Hapo Trello ilirudi, na safari hii ilistahili. Kazi ikiwa kwenye safu ya Hakiki anajua ni yake, simpigii simu, hanipigii. Lawama ya "imefikia wapi" iliisha, hata ile tuliyokuwa tukitupiana wenyewe kwa wenyewe.

Lahajedwali na meseji za malipo

Wengi wetu daftari la hesabu ni meseji. Mteja akidai amelipa, tunapekua meseji za M-Pesa kwa kidole mpaka tumpate. Inafanya kazi ukiwa na wateja watatu. Ukiwa na kumi inakuangusha, na inakuangusha kwa sababu ambayo haihusiani na wingi: jina la laini si jina la mteja. Advansi ya mama wa Mbagala iliingia kwa jina la mwanamume nisiyemjua, kumbe laini ilisajiliwa na mumewe. Mwingine alilipa kupitia kwa wakala. Meseji inasema kweli kwamba pesa imeingia, haisemi ni ya kazi gani.

Lahajedwali, iwe Excel au Majedwali ya Google, inahitaji safu saba tu: mteja, kazi, siku ya kukabidhi, bei, alicholipa, baki, na amelipa kwa jina gani. Hiyo ya saba sijaiona kwenye violezo vya kupakua mtandaoni, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Baki iache ijihesabu yenyewe: kama bei iko D na alicholipa E, andika =D2-E2 na uvute chini. Kisha chuja zinazozidi sifuri. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo niligundua watu watatu walikuwa wananidai kazi na watano nilikuwa nawadai pesa, na nilikuwa nawaogopa wote nane kwa usawa.

Ubaya wa lahajedwali kwenye simu ni udogo wa vyumba. Nikiwa ukumbini, jasho linanitoka, siwezi kugusa chumba cha F14. Kwa hiyo pesa ikiingia naandika kwanza kwenye daftari neno moja, na Jumapili jioni nahamisha. Ukitaka kupunguza kazi hiyo, tenga njia ya kupokelea: lipa namba huku Tanzania, till kwa wenzetu wa Kenya. Pesa ya biashara ikiingia mlango wake, hutapekua tena kati ya hela ya kodi ya nyumba na mchango wa msiba.

Sasa uchukue kipi

Rudi kwenye lawama. Ukisikia sana "si ulisema leo", anza na daftari, hata kama una simu ya bei kubwa. Ukisikia "mbona hukutokea", kalenda ya simu, saa 24, na nakala ya penseli ukutani kwa ajili ya nyumbani. "Imefikia wapi" ikitoka kwa mteja, ubao wa karatasi unatosha; ikitoka kwa msaidizi wako, Trello. "Nilishalipa" ni lahajedwali, na usichelewe, kwa sababu hii ndiyo lawama inayovunja urafiki.

Usichukue vyote kwa mpigo. Mimi nimebaki na viwili vya kila siku, daftari na kalenda ya simu, na lahajedwali ya Jumapili. Trello ni ya mimi na mpwa tu. Kukiwa na ugomvi kati ya daftari na kitu kingine, daftari ndilo hakimu. Wewe unaweza kumchagua hakimu mwingine, ilimradi awe mmoja.

Na usihame msimu wa kazi. Nilihamia Trello Desemba, katikati ya harusi, na nadhani nusu ya chuki yangu kwake ilitokana na hilo. Hamia wakati wa ukame, hamisha kazi zilizo hai tu, za zamani ziache zilipo. Ukitaka kujua njia mpya imekaa, ipe wiki nne, kisha angalia kama bado unajiandikia ujumbe mwenyewe usiku wa manane. Kama bado, hujahama.

Jirani yangu fundi nilijaribu kumwonyesha ile kalenda. Alisikiliza kwa adabu huku mguu uko kwenye pedali, akauliza kama inaweza kubana kitambaa. Kisha akasema, "Ila hiyo kengele nifundishe, kaka." Nikamwekea. Kila kengele ina jina, na majina hayo si ya watu. Jana saa kumi na moja jioni simu yake ililia juu ya meza ya kukatia, kwenye kioo imeandikwa "Kijani maua, leo." Akafungua daftari penye kipande cha kijani, akachomoa pini, akaishikilia mdomoni, na kwenda kutafuta pasi.